Shule ikishika mkia, anzia kwenye kipindi cha kawaida: mwongozo wa muhula mmoja

Shule ikishika mkia kwenye mtihani, hatua zinazofuata zinajulikana kabla hazijatangazwa. Masomo ya ziada yanaanzishwa alfajiri na jioni, Jumamosi inageuka siku ya shule, mitihani ya majaribio inaongezwa, na madarasa ya mtihani yanapewa walimu wanaoaminika kuliko wengine. Wazazi wanaona juhudi. Walimu wanachoka. Mwaka unaofuata matokeo yanarudi yakiwa yaleyale.

Tupige hesabu ndogo. Somo la hisabati lina vipindi vitano kwa wiki, kila kimoja dakika 40, jumla dakika 200. Tuseme katika kila kipindi dakika 5 zinapotea mwalimu akisubiriwa au darasa likitulia, na dakika 10 zinapotea watoto wakinakili maandishi ya ubaoni ambayo hawatayasoma tena. Hizo ni dakika 15 kwa kipindi, 75 kwa wiki. Somo la ziada la Jumamosi ni dakika 60. Kwa hiyo shule inampotezea mtoto dakika 75 kati ya Jumatatu na Ijumaa, kisha inamwomba aache mapumziko yake ili imrudishie 60.

Ndiyo maana mwongozo huu hauzungumzii masomo ya ziada. Unazungumzia kipindi kilichomo kwenye ratiba, kinachofundishwa na mwalimu yuleyule, kwa watoto wote wa darasa. Wanaopanga msaada wa masomo kwa ngazi hutumia kipimo hiki cha makadirio: ufundishaji wa kawaida unapaswa kuwatosha takriban wanafunzi 80 kati ya 100. Wanaobaki ndio wa kuwekwa kwenye vikundi vidogo na kusaidiwa zaidi. Ikiwa kati ya 100 ni 30 tu wanaoweza, usiwatafutie hao 70 darasa la pembeni, kwa sababu huna walimu wa kutosha na hutawapata. Tatizo liko kwenye kipindi chenyewe, na hapo ndipo pa kulitibu.

Nimewaandikia walimu wakuu, wasaidizi wao, walimu wa taaluma na yeyote aliyepewa jukumu la kuinua ufundishaji shuleni. Mwalimu mmoja mmoja pia anaweza kuchukua hatua ya tatu, ya nne na ya tano akazifanya peke yake bila kungoja ruhusa ya mtu.

Hatua ya kwanza: kaa nyuma ya darasa kabla hujasema neno

Tenga siku kumi za shule. Waambie walimu waziwazi kwamba utaingia madarasani, kwamba unachotafuta ni jinsi watoto wanavyojifunza, na kwamba hakuna fomu itakayojazwa wala taarifa itakayopelekwa popote. Kisha timiza ahadi hiyo. Ukiivunja mara moja tu, walimu wataanza kukuandalia maonyesho, na hutaona tena kipindi cha kweli.

Ingia na saa na karatasi. Andika kipindi kilianza dakika ya ngapi, na mwalimu alianza kueleza jambo jipya dakika ya ngapi. Andika muda uliotumika kunakili. Chagua watoto watano wa kuwaangalia, wawili kati yao wawe wa safu ya nyuma kabisa, na kila baada ya dakika tatu andika kila mmoja anafanya nini. Hesabu maswali yaliyoulizwa na watoto walioyajibu. Mara nyingi utakuta maswali ishirini yamejibiwa na watoto wanne, walewale wa jana.

Baada ya hapo omba madaftari sita: mawili ya wanaofanya vizuri, mawili ya wa katikati, mawili ya wa chini. Tenganisha kilichonakiliwa na kilichofikiriwa. Notisi nadhifu za kurasa kumi zinaweza kuwa zimeandikwa na mtoto asiyejua hata sentensi moja ya maana yake. Hesabu kazi ambazo mtoto alizifanya mwenyewe katika wiki mbili zilizopita. Angalia pia makosa yaliyotiwa alama nyekundu: je, kuna mahali palipoonyesha kwamba mtoto alirudi akasahihisha?

La mwisho ni kuwapima watoto wenyewe. Kwa hesabu, andaa karatasi ya maswali kumi yanayotoka kwenye misingi ya miaka miwili iliyotangulia, si ya mwaka huu. Kwa kusoma, mwite mtoto mmoja mmoja asome kwa sauti. Shirika la Pratham la India limelifanya jambo hili kuwa rahisi: herufi, maneno, aya fupi, kisha hadithi fupi, na unaandika ngazi ya juu aliyoiweza. Dakika mbili tatu kwa mtoto zinatosha.

Matokeo ya karatasi yaweke kwenye jedwali, majina yakishuka upande mmoja na namba za maswali zikipita juu. Tumezoea kulisoma jedwali kwa mistari ili kujua nani wa kwanza na nani wa mwisho. Wewe lisome kwa safu, yaani swali moja kutoka juu hadi chini. Swali la 6 likiwa limekosewa na watoto 50 kati ya 60, umeshapata jambo la kufundisha, na hakuna haja ya kumlaumu mtoto yeyote. Itunze karatasi hiyo. Utaihitaji tena wiki ya kumi na mbili.

Hatua ya pili: chagua machache

Hapa ndipo shule nyingi hukosea. Baada ya kuona matatizo kumi na tano, uongozi unatoa maagizo kumi na tano. Mwalimu anayeambiwa abadilishe mambo kumi na tano kwa pamoja habadilishi hata moja; anabaki na moyo mzito tu.

Chagua masomo yasiyozidi mawili. Shauri langu ni kusoma na hisabati, kwa sababu mtoto asiyesoma hawezi kufuata somo jingine lolote. Chagua madarasa machache ya kuanzia. Chagua mbinu mbili za ufundishaji ambazo kila mwalimu wa madarasa hayo atazifanyia kazi muhula mzima. Mimi ningechagua muundo wa kipindi ulioelezwa hapa chini, na swali la kupima uelewa linalojibiwa na darasa zima. Mengine yasubiri.

Kisha kuna suala la silabasi. Mwalimu anayekimbizana na silabasi hufundisha mada ya leo kwa sababu kalenda inasema hivyo, hata kama darasa halijui ya juzi. Michael Kremer, Paul Glewwe na Sylvie Moulin waliwahi kuchunguza nchini Kenya kilichotokea shule zilipopewa vitabu vya kiada. Katika matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2009, vitabu havikuinua wastani wa alama. Walionufaika ni watoto waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo. Vitabu viliandikwa kwa kiwango ambacho watoto wengi hawakukifikia. Kasi ya silabasi inaweza kufanya vivyo hivyo bila mtu kukusudia.

Kwa hiyo walimu wa somo wakae na azimio la kazi, yaani mpango wa mada na muda wake, mbele yao na kuzigawa mada mafungu mawili. La kwanza ni mada zinazobeba nyingine: thamani ya nafasi ya tarakimu, visehemu, kusoma kwa ufasaha, kutambua wazo kuu la aya. Hizi zipewe muda mrefu zaidi ya ulioandikwa. La pili ni mada zinazosimama peke yake, ambazo mtoto akizipitia kwa ufupi hatakwama mbele ya safari. Hizi zifupishwe. Mgawanyo huo uandikwe na utiwe saini na mkuu wa shule, ili mwalimu atakapoulizwa kwa nini yuko nyuma ya ratiba, awe na jibu ambalo si lake peke yake.

Hatua ya tatu: kipe kipindi uti wa mgongo

Barak Rosenshine, mtafiti wa Marekani aliyetumia miaka mingi kuchunguza walimu wanaofaulu, aliandika mwaka 2012 kuhusu uchunguzi uliolinganisha walimu wa hisabati. Walimu bora walitumia takriban dakika 23 kati ya 40 kueleza, kuonyesha, kuuliza na kutatua mifano. Wale dhaifu walitumia 11. Watoto wao waliachwa mapema wafanye mazoezi ambayo hawakuwa tayari kuyafanya. Huu ni ugunduzi muhimu kwetu, maana mwalimu aliyechoka hujaribiwa kueleza upesi, kutoa zoezi, kisha kuketi.

Muundo ninaoupendekeza ni huu. Nitaueleza kwa kutumia somo moja, kujumlisha visehemu vyenye asili tofauti, kwa sababu maelezo yasiyo na somo ndani yake hayamsaidii mwalimu.

Dakika tano za kwanza ni za kukumbuka. Watoto wakiingia, maswali manne yako ubaoni tayari: mawili ya jana, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Wanajibu bila kufungua daftari. Kwa somo letu, moja ya hayo lazima liwe juu ya visehemu vilivyo sawa, mfano "andika 1/3 kwa kutumia asili 12", kwa sababu asiyejua hilo hataweza kilichobaki. Maswali haya pia yanatibu tatizo la kuchelewa kuanza, kwa kuwa kazi iko ubaoni kabla mwalimu hajafungua mdomo.

Dakika kumi zinazofuata mwalimu anaonyesha. Anaandika 1/3 + 1/4 na kufikiri kwa sauti: "Theluthi na robo si vipande vya ukubwa mmoja, kwa hiyo siwezi kuvihesabu pamoja. Natafuta kigawe kidogo cha shirika cha 3 na 4. Ni 12. Theluthi ni 4/12. Robo ni 3/12. Sasa vipande vinalingana. Jumla ni 7/12." Kisha analitaja kosa ambalo anajua litakuja: "Wengine watajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, wapate 2/7. Hebu tuangalie. 2/7 ni pungufu ya 1/3. Umeongeza, halafu ukapata kidogo kuliko ulichoanza nacho. Yawezekana?" Kosa likijadiliwa kabla ya kutendwa, mtoto hulitambua likimjia mwenyewe.

Mfano mmoja hautoshi. Anatoa wa pili akiwa ameutatua wote ubaoni, watoto wakiulizana wawili wawili kwa nini kila mstari umeandikwa. Kisha wa tatu, ambao mstari wa mwisho ameuacha wazi. Kisha wa nne, ambao mistari miwili imeachwa. John Sweller na Graham Cooper walionyesha mwaka 1985 kwamba wanaoanza kujifunza aljebra hunufaika zaidi kwa kuchunguza mifano iliyotatuliwa kuliko kuachwa wahangaike na maswali tangu mwanzo. Akili ina nafasi ndogo ya kushika mambo mapya kwa wakati mmoja, na mfano uliotatuliwa humpunguzia mtoto mzigo huo.

Sasa unakuja mlango wa kipindi: swali moja ambalo kila mtoto lazima alijibu, na jibu linaamua kama tunasonga mbele au tunarudi. Nitalirudia katika hatua ya nne, kwa sababu ndicho kiini cha mwongozo huu wote.

Mlango ukifunguka, dakika kumi hadi kumi na tano ni za kazi binafsi. Maswali matano yanatosha, mawili yafanane na mfano, mawili yabadilike kidogo, moja lihitaji kufikiri zaidi. Mwalimu haketi. Anazunguka akianzia kwa wale anaojua watakwama, akiwa na karatasi ya kuandika makosa anayoyaona. Dakika tatu za mwisho anarudi ubaoni na kosa moja lililojitokeza kwa wengi, bila kutaja jina la mtoto, na wote wanalirekebisha.

Utauliza: na notisi je? Ziandikwe fupi, mistari mitano au sita, na ziwe pamoja na mfano mmoja uliotatuliwa ambao mtoto ataurudia nyumbani. Mwalimu aliyezoea kujaza ubao mara mbili kwa kipindi ataona hili kama uvivu, na wazazi wanaopima shule kwa unene wa daftari watalalamika. Waelezeni mapema, kwenye kikao cha wazazi, na madaftari yakiwa mezani.

Hatua ya nne: swali linalojibiwa na darasa zima

"Mmeelewa?" "Ndiyooo, mwalimu!"

Katika madarasa niliyoyaona hakuna maneno yanayotudanganya kuliko haya. Mtoto asiyeelewa hajui kwamba hajaelewa, au anajua na anaona aibu, au anaitika kwa sababu wenzake wameitika. Mwalimu anasikia kiitikio kimoja kikubwa na kuendelea na safari, nusu ya abiria wakiwa wamebaki kituoni. Kuwauliza walionyoosha mikono nako hakusaidii sana, kwa kuwa anayenyoosha mkono ndiye anayejua.

Badala yake tayarisha swali ambalo kila jibu lake la makosa lina chanzo kinachojulikana. Mfano, katika desimali: ipi ni kubwa kuliko zote, ya kwanza 0.3, ya pili 0.45, au ya tatu 0.125? Anayechagua 0.125 anaisoma kama namba nzima na kuona 125 ni nyingi. Anayechagua 0.3 amesikia kwamba kadiri tarakimu zinavyoongezeka vipande vinakuwa vidogo, akahitimisha kwamba fupi ndiyo kubwa. Anayechagua 0.45 ameelewa. Katika nusu dakika mwalimu anajua wangapi wamekosea na wamekosea kwa fikra ipi. Ndiyo sababu sikuweka 0.5 na 0.12 tu: pale anayeamini kwamba fupi ndiyo kubwa angepata jibu sahihi na kutuponyoka.

Watoto wanajibu kwa vidole vilivyowekwa kifuani, si hewani, ili jirani asinakili. Kidole kimoja kwa jibu la kwanza, viwili kwa la pili, vitatu kwa la tatu. Darasa likiwa na vibao vidogo vya kuandikia, vizuri zaidi. Karatasi ngumu iliyofunikwa kwa nailoni inayopitisha mwanga hufanya kazi hiyohiyo na hufutika. Hata darasa la watoto 80 linasomeka kwa mtazamo mmoja ukisimama mbele na kupitisha macho safu kwa safu.

Kabla ya kusema "onyesheni", nyamaza. Mary Budd Rowe alichunguza madarasa ya sayansi nchini Marekani na kukuta walimu husubiri takriban sekunde moja tu baada ya kuuliza. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, watoto waliokuwa kimya walianza kujibu, na wasiojibu kabisa walipungua. Sekunde tatu za ukimya ni ndefu sana kwa mwalimu aliyesimama mbele ya darasa. Hesabu kimoyomoyo.

Halafu uamuzi. Wanane kati ya kumi au zaidi wakiwa sahihi, endelea, na wale wachache uwaendee wakati wa kazi binafsi. Wakiwa kati ya watano na wanane, waambie wageukiane wawili wawili, kila mmoja amweleze mwenzake kwa nini alichagua alivyochagua, kisha uliza tena. Mara nyingi idadi hupanda. Wakiwa chini ya nusu, fundisha upya kwa njia nyingine: mchoro, mstari wa namba, mfano mwepesi zaidi. Kurudia maneno yaleyale kwa sauti ya juu ni kutwanga maji kwenye kinu.

Mwalimu atakayeshika jambo hili moja tu kati ya yote yaliyomo humu, akalifanya kila siku, darasa lake litabadilika. Naliamini hilo kwa dhati, kwa sababu swali la namna hii linamlazimisha kuona kile ambacho kipindi cha kawaida humficha.

Hatua ya tano: madaftari na marudio

Hapa nitakuwa mfupi. Mwalimu mwenye watoto 60 na madarasa manne hawezi kuandika maoni kwenye kila daftari kila siku, na tusimdai hivyo. Ayasome yote mara moja kwa wiki bila kalamu, akiyaweka mafungu matatu: wameelewa, wameelewa nusu, hawajaelewa. Aandike kwenye karatasi yake makosa matatu yaliyojirudia na aanze nayo kipindi kinachofuata. Aandike neno kwenye madaftari machache tu, na neno hilo liwe agizo la kutenda, mfano "rudia swali la 3 kwa kutafuta asili moja kwanza". Watoto wapewe dakika tano darasani walitekeleze, maana maoni yasiyofanyiwa kazi ni wino uliomwagika.

Kuhusu marudio, yale maswali manne ya mwanzo wa kipindi si pambo. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Wengine walikisoma tena, wengine walijaribu kukikumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika tano waliosoma tena walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, waliojaribu kukumbuka wakakumbuka zaidi. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2006. Kwa shule maana yake ni hii: marudio yaende kwa kuuliza, kidogo kidogo, mwaka mzima, badala ya kusubiri mwezi wa mtihani na kusoma notisi upya.

Waliobaki nyuma sana

Lazima niseme ukweli hapa. Mtoto wa darasa la tano asiyejua kuunganisha silabi hataokolewa na kipindi kizuri cha darasa la tano peke yake. Kwa hao, tenga saa moja kwa siku ambapo watoto wa darasa la tatu, la nne na la tano wanapangwa kwa ngazi ya kusoma waliyofikia badala ya umri. Wanafundishwa kwenye ngazi hiyo na kupimwa tena baada ya wiki chache ili wapande. Ndivyo Pratham walivyofanya, na majaribio yaliyofanywa na wachumi akiwemo Esther Duflo na Abhijit Banerjee yalionyesha kwamba inafanya kazi pale inapotekelezwa kweli. Saa hiyo iwe ndani ya ratiba. Makundi yasiwe ya kudumu, na yasipewe majina ya kudhalilisha. Watoto hujua haraka sana nani ameitwa mzito.

Hatua ya sita: mwalimu anabadilika kwa kusaidiwa darasani kwake

Semina ya siku tatu humpa mwalimu maneno mapya. Tabia ya kufundisha haibadiliki kwa maneno, kama ambavyo mtu hajifunzi kuogelea kwa kusikiliza hotuba ufukweni. Inahitaji kuonyeshwa, kujaribu, kukosea na kurekebishwa mahali pa kazi.

Mkuu wa shule au mwalimu wa taaluma aanze kwa kufundisha yeye mwenyewe, walimu wakimtazama, kwa kutumia muundo ule na swali lile. Atakosea kitu. Vizuri. Waulize wangeboresha nini, andika ushauri wao, fundisha tena wiki inayofuata ukiwa umeufuata. Baada ya hapo utaweza kuingia kwenye madarasa yao bila kuonekana mkaguzi.

Kisha fuata mzunguko mfupi. Tazama dakika 15. Siku hiyohiyo mzungumze dakika 10. Kubalianeni jambo moja la kubadilisha. Lifanyieni mazoezi hapohapo, mkiwa wawili. Rudi baada ya wiki. Mazungumzo yaende takriban hivi:

"Mwalimu, asante kwa kunikaribisha. Lile kosa la 2/7 ulilianika mapema, na nimeona watoto wa nyuma wakicheka walipogundua haliwezekani."

"Asante. Ila nahisi zoezi liliwashinda wengi."

"Ulijuaje?"

"Nilipozunguka. Wengi walikuwa na ukurasa mtupu."

"Kabla ya kuwapa zoezi, ni kitu gani kingekuonyesha hilo?"

"Lile swali la vidole. Nililiruka, muda ulikuwa unaniishia."

"Basi tulitunge sasa, la kipindi cha kesho. Halafu nifanye mimi kuwa darasa, uniulize na unisubiri sekunde tatu."

Hakuna alama zilizotolewa, hakuna orodha ya mapungufu kumi. Mwalimu ameliona tatizo mwenyewe, na ametoka na swali lililo tayari.

Piga hesabu ya muda kabla ya kuahidi. Mkuu wa shule anayeweza kutenga vipindi vinne kwa wiki atawasaidia walimu wanne vizuri. Akitaka kuwasaidia kumi na wawili, kila mmoja atamwona mara moja kila wiki tatu, na mwalimu atakuwa ameshasahau walichokubaliana. Anza na wanne. Wakishaimarika, kila mmoja amshike mkono mwenzake muhula unaofuata.

Ongeza kikao kimoja cha dakika 45 kila wiki kwa walimu wa somo. Agenda ni moja: kuandaa pamoja somo gumu la wiki ijayo, hasa lile swali la kupima uelewa, na kutazama madaftari ya somo la wiki iliyopita. Japani wana desturi ya zaidi ya miaka mia ya walimu kuandaa somo pamoja, mmoja kulifundisha, wengine kutazama watoto, kisha kulirekebisha. Matangazo, michango na ratiba ya zamu visiingie kwenye kikao hicho hata kidogo. Vikishaingia, kikao kimekufa.

Kulinda muda

Hili ni la mkuu wa shule peke yake. Mwalimu hawezi kulinda dakika ambazo ofisi inazichukua. Matangazo yatolewe mara moja kwa siku. Mtoto asitumwe popote wakati wa kipindi. Walimu wasiitwe ofisini kipindi kikiendelea, hata kama mgeni ni mkubwa. Kengele ipigwe kwa saa, na mkuu wa shule awe amesimama kwenye ujia kengele inapolia, kila siku, kwa wiki mbili za kwanza. Baada ya hapo haitahitajika sana.

Wiki kwa wiki

Wiki ya kwanza na ya pili ni za kutazama na kupima. Wiki ya tatu mnachagua masomo, mnagawa mada, mkuu anafundisha somo la mfano. Wiki ya nne hadi ya sita mnashughulikia muundo wa kipindi tu. Tarajieni ugumu hapa: vipindi vitaonekana vya polepole, walimu wataishiwa na muda kabla ya kazi binafsi, na wengine watasema bora ilivyokuwa. Msiongeze jambo jipya. Wiki ya saba mnaingiza swali la darasa zima na kulishika hadi wiki ya kumi na moja.

Dalili za mwanzo usizitafute kwenye mtihani. Zitafute pale ulipoanzia. Je, kipindi kinaanza kengele ikilia? Wale watoto wawili wa safu ya nyuma wanafanya nini sasa kila baada ya dakika tatu? Daftari lina kazi ngapi za mtoto mwenyewe? Maswali ishirini yanajibiwa na watoto wangapi? Hivi hubadilika ndani ya wiki chache. Alama za mtihani huchelewa, na mkuu wa shule aliyewaahidi wazazi kupanda kwa haraka atashawishika kurudi kwenye Jumamosi.

Wiki ya kumi na mbili toa ile karatasi ya maswali kumi, kwa watoto walewale, bila kuwatangazia. Chora jedwali lilelile, uliweke kando ya lile la mwanzo, na walimu wote wa somo wakae mbele ya majedwali hayo mawili. Soma kwa safu. Swali la 6 lililokosewa na 50 sasa limekosewa na wangapi? Pale lilipopungua, mwalimu husika aeleze alilifundishaje, kwa kina, akiwa na daftari mkononi. Pale lisipopungua, lichukueni kuwa somo la kwanza la kikao cha wiki ya kwanza ya muhula ujao, na mtunge swali lake la vidole kabla ya kufunga shule.